Koki ya Hita

Rozi, huwezi kuamini yaliyomkuta Ildefons leo.

Hita ya Land Rover ya marehemu baba yake ilikuwa inamuunguza miguu, akaweka koki kwenye mpira wa maji ya moto, akaifunga. Akampakia mama yake, Ma Kokugonza, kwenda misa Muleba.

Mama akaweka mkono pale hita inapopulizia. Baridi.

"Nani kaizima?"

"Mimi, Mama. Jua lote hili?"

"Fungua! Mwaka themanini na nane nilimrudisha kaka yako humu na ukimwi, anatetemeka. Shangazi yako alikataa hata kumfunika blanketi. Hita tu ndiyo haikumwogopa."

HITA TU, Rozi!

Akafungua.

Baada ya misa, shangazi huyohuyo, yule wa benchi la mbele, akaomba lifti.

"Panda," Mama akamwambia. "Hita yangu haimkatai mtu."

Akapanda. Hakuna aliyethubutu kushusha kioo.