Uso wa Zamani wa Saa ya Babu

Machi 3

Baba, shikamoo. Mgongo unasemaje? Sisi wazima, ila mjukuu wako kaota meno mawili na hataki mtu alale.

Leo nimeipeleka ile saa ya mkono ya babu uliyonipa kwa watu wa mnada. Mkaguzi wao, mama mmoja wa miwani, kaifungua, katazama mashine, katabasamu. "Hii yenyewe." Akageuza upande wa mbele, tabasamu likaisha. Uso huu wa namba si wake, kasema, umebandikwa baadaye, na wanunuzi hawataki saa yenye kiraka. Thamani chini kabisa.

Baba, wewe ndiye fundi saa. Nani kaubadilisha? Nilitegemea ninunue cherehani, niache zamu za usiku, mtoto asilale tena kwa jirani.

Mwanao

Machi 11

Mwanangu, marahaba. Mgongo unalalamika kama kawaida yake.

Ni mimi. Ulipopata kazi nikataka kukupa saa hiyo, na uso wake ulikuwa umeungua jua, rangi ya chai. Nikaweka mpya. Fundi gani anampa bintiye kitu kilichochakaa? Leo huyo wa miwani anataka uchafu? Mwambie aje anifundishe kazi.

Baba yako

Machi 18

Baba, shikamoo. Kwanza acha kununa. Saa uliyonipa niliivaa kwa maringo mpaka shangazi akanisema. Ila hawa wanunuzi wanaitaka ilivyozaliwa, makunyanzi na yote.

Wewe hujawahi kutupa hata skrubu; marehemu mama aligombana na makopo yako kila siku. Tafuta. Ukiuona ule uso wa zamani, usiuoshe! Usiupake kitu! Nakujua.

Mwanao

Mei 2

Baba, shikamoo. Natumaini mgongo umetulia baada ya kuinamia makopo yote yale.

Kifurushi kilifika, hakina barua, ila umeandika juu ya pamba: "Sijauosha." Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Mkaguzi aliuweka juu ya mashine, vijiguu vya nyuma vikazama matunduni vyenyewe, na doa la kutu likakutana na mwenzake wa kwenye mashine. "Hivi vimezaliwa pamoja," akasema. Mnadani watu wawili waliishindania mpaka dalali akajifuta jasho.

Cherehani iko dirishani. Mtoto analala hapa miguuni pangu, kelele zake hata hazimsumbui.

Ule uso wako mpya nilirudishiwa. Huo siuzi, nimeufunga humu na barua. Utafutie mashine, baba, taratibu tu. Kuna mtu hapa ana meno manne sasa, na kila kinachong'aa anakifanya chake.

Mwanao