Santuri Iliyokuwa Inamwimba Bhoke

Dada yangu Bhoke,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza ni ya desturi na hii ya pili ni ya mtu mwenye hatia. Mko salama hapo Nyamwaga? Mama magoti yake yanaendeleaje na umande wa asubuhi? Migomba mliyoipanda kwenye kiwanja kipya imeshika? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, matrekta nayafungua na kuyafunga mpaka mikono inanuka dizeli hata mezani. Ila baridi ya huku Uingereza, dada, inaingia mpaka kwenye meno.

Barua yako ilinifikia. Mwandiko sikuujua, nikadhani ni mambo ya ofisini, kumbe ni wewe mwenyewe, kwa mkono wako! Niliisoma nimesimama mlangoni, koti sijavua. Herufi zako zinapanda na kushuka kama njia ya mtoni, lakini zote zinasomeka. Mwalimu wenu wa elimu ya watu wazima apewe jogoo. Na nashukuru kwa sababu nyingine pia. Zamani ungempelekea karani wa ushirika akusomee mbele ya watu, na mimi ningejua hivyo, ningeandika uongo mtamu. Hii isome peke yako.

Uliniuliza jambo moja tu: wimbo wangu umeupata huko, na wanasema nini juu yangu?

Nimeupata.

Kuna duka hapa la vitu vilivyokwisha kutumika, vyungu, viatu, saa zisizotembea. Nilikuwa natafuta soksi. Chini ya meza kulikuwa na boksi la santuri, na ya juu kabisa ilikuwa ile yetu, aliyokuwa akitupigia marehemu Baba. Kwenye jalada ni wale wale wanaume wanne waliovaa kama maaskofu, mmoja amekumbatia bata bukini. Unakumbuka Baba alivyosema yule bata ndiyo mahari waliyokuja nayo, na ndiyo maana wakafukuzwa? Ile ya kwetu mchwa walikula jalada upande wa majina, kwa hiyo ndiyo kwanza najua wanaitwa nani. Mwenye duka alishangaa. Alisema hata ilipotoka haikununuliwa, kikundi kilivunjika, na tangu hapo hajawahi kusikia mtu akiiulizia. Nilitaka kumwambia kwamba kuna kijiji kizima Tarime kinaijua kwa moyo, na kwamba ilipojipinda juani juu ya lori siku mlipohamishiwa kijiji kipya, watu waliipa pole kama mgonjwa.

Nikaenda nayo nyumbani nimeikumbatia kama yule bata.

Mama mwenye nyumba ninakopanga ana gramafoni sebuleni, na Jumamosi tunakaa pale, mimi na vijana tunaosoma nao ufundi. Mmoja ni Mtanzania mwenzangu, mtoto wa mjini, hodari wa kuchekesha watu. Nikaiweka. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikiliza vizuri, dada, maana huko kwetu tulikuwa tunasubiri wimbo mmoja tu na mingine tunaipigia kelele. Ni muziki mzuri! Zile fidla tulizosema ni za msibani zinaingia pole pole, tarumbeta inajibu kwa mbali, na kile kinanda kinachokwaruza kama kuku kinakimbia chini yake. Nilijua kila mahali wazee wetu walipokuwa wakikohoa. Hata nilipogeuza upande wa pili nilikuwa natabasamu peke yangu.

Halafu ukaja wimbo wako. Nikanyanyua mkono nikawaambia, kwa sauti kubwa, kama Baba kabisa: "Nyamazeni! Hapa wanamtaja dada yangu."

Wale maaskofu wakaimba: Bhoke, Bhoke.

Mama mwenye nyumba akacheka, si kwa ubaya. Akasema, "Hapana, mwanangu. Ni maua hayo."

Dada, ni neno ambalo Waingereza wamelichukua kwa Wafaransa. Linaandikwa vingine kabisa, wakilitamka ni bokei. Maana yake shada la maua, la kumpelekea mtu. Kiingereza changu chote cha sekondari, kile nilichokuwa nakitumia kuwahakikishia wazee kwamba ndiyo, wanasema Bhoke, neno hilo hakikuwa nalo.

Sebule nzima ikacheka. Yule mwenzangu akageukia Kiswahili, akasema, "Aisee, kwani wewe kweli una dada anaitwa Bhoke? Mkadhani Wazungu wanamwimba yeye? Huko porini kwenu?"

Nami nikajibu kwa Kiingereza, ili wote wasikie, kwamba nilikuwa natania. Nikasema sina dada.

Nilisema sina dada. Kisha nikacheka nao, nikacheka kuliko wote.

Tangu siku ile naona aibu hata kuitazama santuri. Nakumbuka walipokuja wazee wa kina shemeji kutoka Kerende, na Baba akawapigia wimbo huu, akazima, akawauliza, "Msichana anayeimbwa Ulaya mtamchukua kwa ng'ombe wembamba hawa?" Wakaondoka, wakarudi na wanono. Sanduku langu la shule, viatu na nauli vilitoka kwa ng'ombe wale. Yaani jina nililolikana ndilo lililonileta hapa nikalikane. Shemeji asijue, tafadhali, asije akadai ng'ombe warudi!

Uliuliza wanasema nini. Nimekaa na wimbo mpaka nimeupata wote. Ni mwanamume amechukua shada la maua kumpelekea mtu anayempenda. Anafika mlangoni, anasikia ndani watu wanaongea na kucheka, anashindwa kubisha hodi. Anayaficha maua mgongoni, anarudi zake. Basi. Haukutaji wewe hata kidogo. Ukitaka unaweza kusema unanitaja mimi.

Wanakusanyika tena Jumamosi hii. Nitaiweka mwenyewe, na kabla sindano haijashuka nitasema kwamba ninaye dada, anaitwa Bhoke, na kwetu wimbo huu ni wake. Nitalisema kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Naogopa, sitakuficha. Wakicheka, wacheke wakiwa wanalijua jina lako.

Santuri nitakuja nayo mwenyewe, nimeiweka kati ya mashati. Kuwaambia watu ukweli wa wimbo au kutowaambia, hilo naliacha kwako.

Mshike Mama magoti kwa niaba yangu, umwambie bado navaa fulana mbili kama alivyoagiza. Msalimu shemeji, baba wa watoto, na wapwa zangu wote, hasa yule aliyerithi jina la Baba. Balozi wetu wa nyumba kumi mwambie trekta la kijiji wasilifungue injini mpaka nirudi. Mwalimu wako nimeshamsemea jogoo.

Ukinijibu, niandikie kwa mkono huo huo wako, hata kama ni kunitukana.

Ni mimi mdogo wako, mwenye dada,
Mwita