Kodi ya Miezi Sita, Kaptembwo

Jumatatu, 19 Januari 2026

Mwalimu Mkuu Muiruri kaniita ofisini. Chumba cha wageni ninachokaa hapa shuleni kinahitajika, nitoke kufikia tarehe 31. Niende bwenini na wasichana. Nilale bure, nile bure, na usiku niwe matroni. Bure gani hiyo? Na mwanangu je, nikauliza. Watoto wa walimu hawaruhusiwi. Basi nikakataa, hapo hapo. Akacheka. Eti mgeni kama mimi, na mshahara huu, Nakuru hii nitapata nyumba wapi kwa siku kumi na mbili!

Ngoja aone.

Tusekile ana miaka minane. Miezi mitano sijamshika. Dada yangu anamleta, wanafika hiyo hiyo tarehe 31, tiketi zimeshakatwa. Nikiingia bwenini mtoto anarudishwa kwetu Tukuyu, Tanzania. Siingii.

Jumatano, 21 Januari

Section 58, mtaa wa hapa Nakuru. Mzee Maina alisikia kuna mwalimu wa kigeni anatafuta nyumba. Nimekuta uwanja umefagiwa, hata kiti kimewekewa kitambaa. Akachungulia nyuma ya mgongo wangu.

"Mwalimu ako wapi?"

"Ndiye mimi."

"Si waliniambia ni mtu wa nje?"

"Tanzania ni nje, mzee."

Alimtarajia Mzungu! Uso ukamshuka, lakini bei ikabaki palepale, ya Mzungu. Nikanywa maji yake, nikashukuru, nikaondoka. Ugeni kaninyima, bei yake kaniachia — kha!

Jumamosi, 24 Januari

Kaptembwo, na Cheruto, mpishi wa shule. Anaishi huko. Chumba NIMEKIPATA! Ghorofa ya kwanza, mlango wa kijani, dirisha linatazama barabarani, bomba liko uani. Mwenye nyumba anaitwa Mama Joan, mjane, maneno yake ya kuhesabu. Katupa chai. Kodi naiweza. Tukaelewana kila kitu.

Halafu nikaharibu.

Nikatoa bahasha. Kodi ya miezi sita, kwa mkupuo. Kwetu ndivyo! Bila miezi sita mwenye nyumba hata salamu hakupi. Mama yangu kauza parachichi za msimu mzima ili nizipate hizo hela. Nilidhani Mama Joan atafurahi. Akaweka kikombe chini.

"Miezi sita? Kwani unatoroka nani?"

Nikaeleza. Nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kunikodolea macho. Akasema atafikiria. Njiani Cheruto akaniuma sikio: huku watu hulipa mwezi mmoja na dipoziti, basi. Mpangaji wa mwisho kulipa nyingi hivyo alikuwa anapika chang'aa humo humo chumbani. Polisi wakavunja mlango.

Yaani mie, mwalimu wa Kiswahili, napika gongo!

Jumapili, 25 Januari

Kanisani sikuimba. Kulipa mapema limekuwa kosa. Jamani!

Jumanne, 27 Januari

Kimaiyo, keateka wa Mama Joan, yaani mtunza nyumba wake, kapiga simu. Mathe, ndivyo wanavyomwita Mama Joan, anataka barua ya shule kwamba mimi ni mwalimu wao. Nikaenda kwa Muiruri. Hata kalamu hakugusa.

"Barua ya nini, na kitanda kiko bwenini?"

Hapo nikaelewa. Hakitaki chumba cha wageni huyu, anataka matroni wa bure. Nikamwambia akalale yeye. Nilipaza sauti, nakiri. Anaweza kunifukuza kazi. Sawa. Hiyo barua sitaiomba tena.

Alhamisi, 29 Januari

Nimerudi kwa Mama Joan peke yangu. Mwezi mmoja na dipoziti, kama kila mtu. Akauliza zile zingine ziko wapi. Nikasema ziko kwangu. Alitaka kucheka, nilimwona! Lakini pesa hakupokea. Anataka mtu wa hapa anayenijua, aje anisemee.

"Mimi sina ubaya na wewe, mwalimu. Lakini huo mlango nimeununua mara mbili."

Namjua nani? Cheruto tu. Naye ana watoto watatu, na bosi wake ni Muiruri. Sikumwomba. Siwezi kujenga kwangu kwa kubomoa kwake.

Jumamosi, 31 Januari, saa kumi na moja jioni

Naandika nikiwa juu ya godoro, nje ya geti la Mama Joan.

Asubuhi soja, mlinzi wa shule, alitoa vitu vyangu nje. Aliona haya, maskini, alivipanga vizuri. Nikakodi mkokoteni mpaka hapa. Kimaiyo kashika kichwa. Mathe ako mazishini Olenguruone, hajaacha neno lolote, hawezi kunifungulia. Sijakuomba unifungulie, nimemwambia, nasubiri. Godoro, ndoo, jiko, vitabu na mie. Wapangaji wananipita pembeni. Mmoja kauliza kama nimefukuzwa. Nahamia, nikamjibu!

Dada kapiga simu, wameshapita Naivasha. Tusekile akamnyang'anya. Mama, nyumba ikoje? Nikamwelekeza: ghorofa ya kwanza, mlango wa kijani, dirisha la barabarani. Sauti haikutetemeka. Nililia baada ya kukata, kidogo, nikajifuta na kanga.

Cheruto huyo! Katoka kazini na aproni yake. Nani kamwambia? Kaketi hapa godoroni, hakuitwa. Nikamkumbusha Muiruri. "Wacha anifute," kasema, "ajipikie hiyo githeri."

Boda imesimama. Mama Joan, na nguo nyeusi za mazishi. Kaangalia godoro, kamwangalia Cheruto, kaniangalia mimi. Cheruto kasimama: "Mathe, huyu namjua—" Mama Joan kamnyamazisha kwa mkono. Anapekua mkoba wake, nasikia funguo. Kimaiyo anajifanya anafagia.

Mie sijanyanyuka. Kauliza naandika nini.

Nimemwambia, anwani yangu.