Meli Yako Inaenda Kukatwa

Githongo

Mpenzi Baba Kendi,

Kendi ameota meno mawili, anang'ata hata picha yako. Barua yako nilimsomea mama yako kwa sauti: kwamba meli yenu ilivusha wahamiaji miaka mingi, ikageuzwa ya kutembeza watalii, na sasa mnaipeleka ikakatwe iuzwe vyuma chakavu, halafu urudi nyumbani.

Ndugu yako Bundi alikuwa hapo akisikia. Si ndiye huvuna kahawa yako na kula pesa zake ukiwa baharini? Kesho yake alikuja na panga akakata miti yote ya kahawa. "Mwambie baharia wako arudi alime maji!" Nikamshika mkono. Alinipiga taya kwa ubapa wa panga, nikaanguka, akanikanyaga mgongo Kendi akiona. Majirani ndio waliomtoa.

Taya ilivunjika, hospitalini wamenifunga waya mdomoni, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Bundi ameapa atakukata vipande kama hiyo meli. Polisi wanamtafuta.

Lakini kwa hasira alisahau kung'oa mizizi. Wiki ya tano sasa, visiki vimechipua, kila kimoja. Ninavipalilia mwenyewe.

Usiogope kuja. Njoo mchana, upitie kwa chifu kwanza.

Wako anayekungoja,
Mama Kendi