Kabati la Hakimu na Nyumba Isiyo na Kuta

Rumonge, 6 Mei 2024

Mpendwa wifi yangu Tahira,

Amahoro. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, wewe na bwana wako na watoto, na kwamba mguu umeacha kukusumbua. Sisi tunapumua, alhamdulillahi. Baba Ayubu anakohoa, lakini anakula. Mimi sina ugonjwa, ila usingizi umekuwa mchache tangu kaka yako Hakimu atutoke. Sasa ni miezi saba.

Nimesikia umeambiwa kwamba nimemwacha baba yako alale majini, nami nikapanda juu kutundika mapazia. Sikukasirika. Lakini nisome mpaka mwisho kabla hujaamini, maana nusu ya habari hiyo ni kweli.

Wifi, ziwa limetoka mahali pake. Njia tuliyoteremkia kwenda kufua haionekani, na michikichi ya upande ule imesimama ndani ya maji. Mwezi wa nne maji yaliingia chumbani chini. Ndipo nikahamisha vitu juu, kule stoo tulikokuwa tunaweka bidoni, yale madumu ya mawese.

Stoo ile huwezi kuijua sasa. Mwaka jana Hakimu alitoa bidoni zote, akasugua mbao za sakafu kwa sabuni siku tatu, akafungua dirisha kubwa upande wa ziwa. Alikuwa ameona kwenye simu nyumba za ng'ambo ambazo jiko, meza na kitanda vyote viko pamoja. Akaniambia, "Aziza, hapa hatuweki ukuta hata mumoja. Upepo uingie huku, utokee kule."

Nikamcheka. "Na mugeni akikuja, nitavalia wapi?"

"Mugeni atafumba macho."

Akachukua chaki, akachora sakafuni mahali pa kila kitu: kitanda, meza, mbabula yangu ya makaa. Katikati akachora duara kubwa, akaandika "upepo", yaani pasiwekwe kitu. Kisha homa ikamchukua kwa siku tisa, kabla hatujapandisha hata kiti.

Kwa hiyo nilipopanda nilifuata chaki. Kitanda changu kikakaa palepale, meza chini ya dirisha. Sufuria nilizitundika kwenye misumari, kubwa juu, ndogo chini. Dirisha nikalipaka rangi ya bluu iliyobaki tulipopaka mlango. Sakafu nilifagia tu, sikupitisha maji, ili michoro isifutike. Palipendeza. Nilipoona panapendeza, nikaketi nikalia.

Karibu na ngazi nikamwandalia Baba kitanda, na kati yetu nikatundika pazia la kitenge. Akapanda, akatazama kitanda changu, akatazama chake, akashuka.

Nilimfuata. "Baba, imamu amesema hakuna dhambi. Mimi ni kama binti yako."

"Najua," akasema. "Dini hainikatazi. Aibu ndiyo inanikataza. Mukwe halali mahali anasikia muke wa mutoto wake akijigeuza kitandani. Pazia si ukuta."

"Na maji, Baba?"

"Nimevua samaki ziwani, kule Magara, miaka makumi matatu. Maji utanifundisha wewe?"

Akabaki chini. Kila mguu wa kitanda chake ulikuwa juu ya matofali mawili. Baada ya juma moja, matatu. Kisha manne. Kila asubuhi nilishuka na uji, nikihesabu matofali kabla sijamtazama uso. Jirani yetu Kankindi akapaza sauti mbele ya watu, "Aziza! Huyo muzee unamufuga kama samaki?" Wakacheka. Nadhani maneno yaliyokufikia yalianzia hapo.

Ijumaa iliyopita nikakuta tofali la nne limefunikwa, na ndara zake zinaelea mlangoni. Baba alikuwa amekaa katikati ya kitanda, miguu ameikunja, anatetemeka. Akaonja uji, akasema, "Leo umeweka sukari vizuri."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Meshaki, yule seremala aliyerudi kutoka Tanzania, nikamwomba ukuta wa mbao. Akaja, akapima, akatikisa kichwa. Mbao hakuna, barabara imejaa maji. Tulipokuwa tunashuka akaona kabati la nguo la Hakimu, kule chini.

"Mama, ukuta si iko pale? Ule hata mbuzi hapiti."

Kabati lile sikuwa nimelifungua tangu mazishi. Nilikuwa nimeliinua juu ya magogo, milango yake nikaielekeza ukutani. Najua nguo za marehemu hugawiwa. Sikuweza. Lakini likiwa limejaa lisingepanda ngazi, basi nikatoa shati moja moja. Mfukoni mwa koti nikakuta kipande cha chaki, kifupi kama jino.

Wanaume wanne wakalipandisha. Mahali pekee palipofaa ni katikati, juu ya lile duara. Meshaki akauliza, "Milango itazame wapi? Kwako ama kwa muzee?"

Wakaanza kulalamika mikono inauma. Nilizitaka zile nguo upande wangu, wifi, sikufichi.

"Kwa mzee," nikasema.

Likatua, na neno la Hakimu likafutika.

Nguo nikazirudisha ndani, shati moja moja. Kwangu umebaki mgongo wa kabati, ubao mtupu. Nimetundika pale mkeka wa marehemu mama yako, ule wa mistari myekundu. Kati ya kabati na paa pana nafasi, na upepo bado unapita.

Baba alipandishwa alasiri ileile mgongoni kwa Meshaki, akigomba kwamba yeye si gunia. Akalisukuma kabati kwa bega. Halikutikisika. "Huu sasa ni ukuta," akasema, akalala mpaka magharibi.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla hajatoka upande wake, hugonga ubavu wa kabati. "Hodi." Namjibu, "Karibu, Baba." Lakini kabla ya hodi nasikia mlango wa kabati ukifunguliwa polepole, kimya kidogo, kisha ukifungwa. Simuulizi.

Maji hayajarudi nyuma. Yamefika kidato cha pili cha ngazi, na vidato ni kumi na kimoja. Nakuomba umpigie Baba simu, umwambie amefanya vema kupanda. Kutoka kwako atakubali. Aibu ikimrudia atashuka, na mimi sina kabati lingine.

Msalimie bwana wako, na Kassimu, na Hadija mdogo. Meshaki naye anakusalimu. Mungu awalinde, awape pa kulala pakavu.

Na ukimwombea Hakimu, unitaje na mimi.

Ni wifi yako, ninayekupenda kama zamani,

Aziza