Jiji Lisilokausha Hata Shuka

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Leo hapa Buzuruga kuna joto la kuita mvua. Nimekukumbuka tulivyokuwa Mumbai kwa ajili ya upasuaji wako, nikacheka peke yangu dukani hadi wateja wakatazamana.

Mlango wa uwanja wa ndege ulipofunguka, ulisimama ukaniambia, "Kumbe hawa watu wanaishi ndani ya sufuria ya wali." Sweta ulilonunua kwa ajili ya baridi ya ng'ambo ukanipa nikubebee. Nilikuwa nimekuambia, lakini wewe husikii.

Kilichokuudhi zaidi ni michembe. Ulibeba mfuko mzima wa vile viazi vya kukausha kutoka Magu, maana chakula cha watu hukiamini. Kwetu unaianika juu ya jiwe, inakauka mpaka inagonga meno. Kule ikalegea, mingine ikaota ukungu. Ukafua shuka, nalo likagoma kukauka. Ukakaa kitandani ukatangaza kwamba hupasuliwi.

"Mji ambao hata shuka halikauki, kidonda kitakauka lini?"

Niliogopa, mama. Uvimbe tumboni mwako ulikuwa unakua, na daktari alishasema tukichelewa tutakupoteza. Nilibembeleza, nikalia, nikampigia kaka simu akugombeze. Ukamgombeza yeye.

Kisha ukapanda kwenye paa la nyumba ya wageni kutafutia michembe yako jua. Nilipokufuata nilikukuta na bibi mmoja wa pale, anaanika pilipili. Hamkuelewana hata neno. Ulimwonyesha shuka lako bichi, ukamwonyesha tumbo, ukapitisha kidole kama kisu. Bibi akacheka, akasogeza sari yake pembeni. Alikuwa na kovu refu, la zamani, kavu kabisa. Ukalibonyeza kama mtu anayechagua parachichi sokoni, naye akakuacha tu.

"Kamwambie daktari nakuja," ukasema. "Na huyu mama mpe michembe, ile isiyo na ukungu."

Ukaishi miaka mingi baada ya hapo, ukalima mpunga na kutusema vizuri tu. Mwezi uliopita, tulipokuwa tunakuosha kwa ajili ya mazishi, shangazi alipitisha kitambaa kwenye kovu lako akauliza ni nani alikushona vizuri namna ile. Nikacheka, mama. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na shangazi akanikumbatia akidhani ninalia.

Hakukosea sana.

Pumzika, mama. Nimekukumbuka mno.

Ni mimi, kitindamimba wako.