Baba Kavaa Viatu vya Msituni

Mama,

Shikamoo. Nimemchukua Baba, tunakwenda Jozani. Dawa yake nshampa. Uji wako umo kwenye chupa.

Alfajiri nilimkuta sebuleni kashavaa viatu. Akaniambia, "Mwaka mpya leo, tunakwenda kutembea msituni. Mwamshe kaka yako."

Nikamkumbusha kuwa Suhail tulimzika Ramadhani. Akalia kama ndiyo kwanza anasikia. Hata chai haijapoa, akaniuliza tena, "Suhail hajaamka?"

Nikamjibu, "Katangulia, Baba." Akafurahi, akatafuta kofia yake.

~~Ukiamka utufuate.~~ Pumzika tu, Mama. Najua njia ile huiwezi mwaka huu. Tukirudi akikuuliza, nawe mwambie katangulia. Mimi nitatembea nyuma yake, nipate kulia asinione.

Mwanao,
Riyama